Kupima mahindi kama yana jeni ya kupandikizwa: mwongozo kwa maabara ndogo za Arusha na Moshi

Ukisimama Soko la Kilombero jijini Arusha au Mbuyuni pale Moshi, hutaweza kutambua kwa macho kama gunia lililo mbele yako lina mahindi yaliyobadilishwa jeni. Rangi ya njano si dalili, wala ukubwa wa punje, wala mahindi kutobunguliwa. Mbegu chotara inayouzwa dukani ni jambo jingine kabisa: hutokana na kuchavushana kwa mistari ya mahindi iliyochaguliwa, bila jeni kutolewa kwa kiumbe kingine. Uvumi wa "haya ni GMO", yaani yamebadilishwa jeni, unaweza kumharibia mkulima soko bure, na unaweza pia kuficha shehena inayostahili kuchunguzwa. Njia ya kujua ni kupima DNA.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, fundi wa maabara au mwanafunzi mwenye sentrifyuji, mashine ya PCR (inayozidisha vipande vya DNA) na sanduku la jeli (la kutenganisha vipande hivyo kwa urefu). Unahusu kupima tu. Kupandikiza jeni ni kazi yenye vibali vyake chini ya Kanuni za Usalama wa Kibayoteknolojia za mwaka 2009, zilizotungwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Nchini kwetu jaribio la kwanza la shambani la mahindi ya namna hii lilipandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na Serikali ikalisitisha mwaka 2018.

Tunatafuta nini hasa

Jeni ngeni haiingizwi peke yake. Mbele yake huwekwa promota, kipande cha DNA kinachoiamuru ifanye kazi, na nyuma yake terminata, kipande kinachoiambia ikomee hapo. Promota iliyotumika sana ni 35S, iliyotolewa kwenye virusi vya koliflawa. Terminata iliyotumika sana ni NOS, kutoka kwa bakteria Agrobacterium tumefaciens, ambaye ndiye mbebaji aliyezoeleka wa kuingiza jeni kwenye mimea. Kwa kutafuta vipande hivi viwili unakamata aina nyingi kwa mkupuo mmoja, bila kujua jeni iliyo katikati.

Usiridhike na kimoja. Mahindi ya MON 810, yenye jeni ya cry1Ab inayoua funza wanaotoboa mabua, yana 35S lakini hayana NOS. Mahindi ya GA21, yanayostahimili dawa ya magugu, yana NOS lakini hayana 35S. Anayepima 35S peke yake ataipitisha GA21 na kuandika kwamba ni safi.

Sampuli: hapa ndipo kazi nyingi huharibika

Watu huhangaikia mashine ya PCR, kumbe kosa limeshafanyika sokoni. Kama punje 1 kati ya 100 ina jeni ngeni, unahitaji punje 300 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba angalau moja imo kwenye mfuko wako. Kama ni punje 1 kati ya 1,000, unahitaji punje 3,000. Punje moja ina uzito wa karibu gramu 0.3, hivyo punje 3,000 ni kilo moja kasoro kidogo. Kiganja kimoja cha mahindi hakiwezi kujibu swali la gunia, seuze la lori.

Choma bambo juu, katikati na chini ya magunia mengi kadiri unavyoruhusiwa. Mimina yote kwenye turubai safi, changanya, tandaza duara, gawa mafungu manne, chukua mawili yanayotazamana, changanya tena. Rudia mpaka ibaki kilo moja. Andika tarehe, soko, idadi ya magunia na mahali mahindi yalikotoka kwa maelezo ya muuzaji.

Chukua punje, si unga, kila inapowezekana. Mashine ya kusaga ya mtaani hubaki na unga wa mteja aliyetangulia, na mteja huyo huenda alisaga lishe yenye soya. Soya nyingi katika soko la dunia imebadilishwa jeni, na aina ya zamani, GTS 40-3-2, ina 35S na NOS zote mbili. Chembe chache za soya ndani ya unga wa dona zitakupa jibu la "ndiyo" lisilohusu mahindi hata kidogo.

Saga kilo nzima maabara kwa mashine ya kahawa au blenda yenye kikombe cha chuma, kidogo kidogo, kisha uchekeche kwa chekeche yenye matundu ya milimita 0.5. Kinachobaki juu kirudishwe kusagwa. Usikwepe hatua hii: utakachoweka kwenye tyubu ni miligramu 100 tu, yaani theluthi ya punje moja. Unga ukiwa na chenga, miligramu hizo zitakuwa vipande vya punje mbili tatu, na jasho lote la kuchoma bambo litakuwa limepotea.

Kabla ya sampuli nyingine, piga mashine brashi, osha, futa kwa dawa ya klorini ya dukani iliyozimuliwa sehemu 1 kwa 9 za maji, acha dakika 10, suuza, kausha. Kisha saga gramu 200 za mchele na uzitupe, halafu saga gramu 50 nyingine na uzihifadhi. Mchele huu wa pili upimwe kama sampuli kamili. Ukionyesha DNA ya mahindi, mashine haijasafishika.

Vyumba viwili, njia moja

PCR huzidisha kipande kimoja kuwa mabilioni. Tyubu moja iliyokwisha kuzidishwa ikifunguliwa, matone yasiyoonekana huruka hewani na kutua kwenye pipeti na kwenye mikono ya koti. Kesho kila sampuli, hata maji matupu, itasoma "ndiyo". Kwa hiyo chumba cha kuandaa mchanganyiko na chumba cha jeli viwe mbalimbali, kila kimoja na pipeti, glavu na koti lake. Ukishaingia chumba cha jeli, usirudi chumba cha kwanza siku hiyo. Kama una chumba kimoja tu, andalia mchanganyiko kwenye sanduku la plastiki lenye mlango wa mbele, ulifute kwa klorini kabla na baada ya kazi, na jeli ipelekwe hata jengo jingine.

Kutoa DNA

Bufa ya CTAB (sabuni inayovunja seli ili DNA itoke), mililita 100: CTAB gramu 2, chumvi ya maabara (NaCl) gramu 8.2, Tris ya mola 1 yenye pH 8.0 mililita 10, EDTA ya mola 0.5 yenye pH 8.0 mililita 4, kisha maji yaliyotoneshwa mpaka 100. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima. Maji ya ukanda wa Arusha yanajulikana kwa floridi na madini mengi, na vimeng'enya huvurugwa na chumvi usizozipimia. Baridi ya Juni na Julai nayo hufanya CTAB igande chini ya chupa kama theluji nyeupe. Haijaharibika. Iweke kwenye maji ya nyuzi 65 mpaka iwe angavu, tikisa, ndipo uitumie. Ukiitumia ikiwa imeganda, unamimina maji ya chumvi tu.

1. Pima unga miligramu 100 kwenye tyubu ya mililita 2. Fanya tyubu mbili kwa kila sampuli. Ongeza tyubu moja isiyo na unga wowote: hiyo ni shahidi wa kemikali zako na itapita hatua zote.

2. Weka bufa ya CTAB maikrolita 1,000 na proteinezi K, kimeng'enya kinachovunja protini (miligramu 20 kwa mililita), maikrolita 10. Tikisa mpaka pasiwe na bonge. Bonge la unga mkavu katikati halitoi DNA.

3. Acha kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika 60, ukigeuza tyubu kila dakika 10.

4. Zungusha kwenye sentrifyuji kwa nguvu ya 12,000 × g, dakika 10. Hamishia maikrolita 600 za maji ya juu kwenye tyubu mpya. Weka RNase A, kimeng'enya kinachovunja RNA (miligramu 10 kwa mililita), maikrolita 5, acha dakika 10 nyuzi 37.

5. Ongeza klorofomu maikrolita 600, geuza tyubu taratibu mara 20 hadi iwe kama maziwa, zungusha tena dakika 10. Klorofomu ifanyiwe kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, mbali na moto. Itumie kwenye plastiki ya polipropilini peke yake, kwa kuwa polistairini huyeyuka. Mabaki yakusanywe kwenye chupa ya kioo yenye lebo na kupelekwa kwenye taasisi yenye utaratibu wa kuteketeza, yasimwagwe kwenye sinki.

6. Kati ya tabaka mbili utaona utando mweupe. Chukua maikrolita 450 za juu bila kuugusa. Ukiugusa, zungusha upya; usijidanganye kwamba ni kidogo. Huo ni protini na wanga, navyo ndivyo vitakavyoizima PCR.

7. Ongeza isopropanoli baridi maikrolita 300, geuza mara kadhaa, acha dakika 30, zungusha dakika 15. Mwaga maji. Donge la DNA huenda lisionekane, kwa hiyo kabla ya kuzungusha tia alama ya kalamu upande wa nje ili ujue litakapokaa.

8. Osha kwa ethanoli ya asilimia 70, maikrolita 500, zungusha dakika 5, mwaga, kausha kwa hewa dakika 10. Ikibaki harufu ya pombe, bado. Ikikauka kupita kiasi, haitayeyuka vizuri. Yeyusha kwa maikrolita 100 za maji safi ya PCR.

Pima kwa spektrofotomita kama ipo. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa ule wa 280 uwe kati ya 1.8 na 2.0. Kisha zimua ifike nanogramu 50 kwa maikrolita. Kiasi hiki kina sababu yake. Seti moja ya DNA ya mahindi ina uzito wa takriban pikogramu 2.7, hivyo nanogramu 100 utakazoweka kwenye PCR ni kama nakala 37,000. Ikiwa jeni ngeni imo kwa asilimia 0.1, unatafuta nakala 37. Ukiweka nanogramu 10 zitakuwa 3 au 4, na ukikosa huwezi kujua kama hazikuwepo au hazikuangukia kwenye pipeti yako.

Praima

Praima ni vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha kimeng'enya pa kuanzia. Huagizwa vikiwa unga mkavu. Viyeyushe viwe maikromola 100, kisha gawa akiba ndogo za maikromola 10 ili usiyeyushe na kugandisha chupa ile ile kila siku.

Za 35S, kipande chenye urefu wa jozi 195 za herufi za DNA: GCTCCTACAAATGCCATCA na GATAGTGGGATTGTGCGTCA.

Za NOS, jozi 180: GAATCCTGTTGCCGGTCTTG na TTATCCTAGTTTGCGCGCTA.

Za mahindi yenyewe, jeni ya invatezi (ivr1), jozi 226: CCGCTGTATCACAAGGGCTGGTACC na GGAGCCCGTGTAGAGCATGACGATC.

Wengi hutumia jeni ya kloroplasti badala ya ivr1 kuthibitisha kwamba DNA imetoka. Tusingeshauri hivyo. Seli moja ina nakala nyingi mno za kloroplasti, hivyo kipimo hicho kitang'aa hata DNA ikiwa chakavu au chache, huku 35S yenye nakala moja moja ikishindwa kimya kimya. Jeni ya ivr1 iko kwenye kiini na urefu wake unakaribiana na vipande unavyovitafuta. Ikishindwa, basi na "hapana" ya 35S haina thamani.

PCR

Kwa tyubu moja ya maikrolita 25: mchanganyiko tayari wa Taq (kimeng'enya kinachonakili DNA) wenye nguvu mara mbili 12.5, praima ya kwanza 1, praima ya pili 1, maji 8.5, DNA 2. Usipimie kila tyubu peke yake. Kwa tyubu 10 zidisha kwa 11: mchanganyiko 137.5, praima 11 na 11, maji 93.5, jumla 253. Gawa 23 kwa kila tyubu, kisha ongeza DNA ukiacha ya mahindi yenye jeni inayojulikana iwe ya mwisho kabisa.

Programu ya 35S na NOS: nyuzi 94 dakika 3, kisha mizunguko 40 ya nyuzi 94 sekunde 30, nyuzi 55 sekunde 40 na nyuzi 72 sekunde 45, halafu nyuzi 72 dakika 5. Ya ivr1 ni ile ile, ila 55 iwe 64. Kama Taq yako ni ya aina inayoamshwa kwa joto, dakika 3 za mwanzo ziwe kama mtengenezaji alivyoandika, mara nyingi 10.

Kila mzunguko wa kazi uwe na hizi: maji matupu, tyubu ile isiyo na unga, mchele wa mashine, mahindi ya kawaida yanayojulikana, na unga wa rejea wenye kiwango kilichothibitishwa. Unga wa MON 810 uitwao ERM-BF413 hutengenezwa na kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilichopo Geel, Ubelgiji. Ulizia taratibu za kuuingiza nchini kabla ya kulipia. Ongeza moja ambayo wengi huiacha: DNA ya sampuli yako iliyochanganywa na kidogo cha DNA ya unga wa rejea. Ikikataa kung'aa, ndani ya sampuli kuna kizuizi. Zimua mara 10 urudie, lakini kumbuka hesabu ya nakala 37, kwa sababu ukizimua umepunguza pia uwezo wa kuona.

Umeme ukikatika katikati, mashine nyingi huendelea zilipoishia ukirudi, lakini tyubu zilizokaa saa moja kwenye joto la chumba zirudiwe. UPS inayobeba mashine ya PCR kwa saa mbili na nusu ni matumizi mazuri kuliko kununua Taq mara mbili. Vimeng'enya vikae nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani ya kasha lililozungukwa na vifurushi vya barafu ya jeli, na friza isiwe ya kujiyeyushia barafu yenyewe, maana hupasha joto kila siku bila wewe kujua.

Jambo jingine la mwinuko wetu: ukitumia otoklevu kusafisha ncha za pipeti, kipimo cha presha kikisoma pauni 15 hujafika nyuzi 121. Hewa ya Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, ni nyepesi, hivyo unahitaji pauni 17 na kidogo. Moshi kama 16.5. Fuata kipimajoto, si mshale wa presha.

Jeli

Tofauti ya 180 na 226 ni ndogo, kwa hiyo jeli iwe nzito: agarosi gramu 1.25 kwa mililita 50 za bufa ya TAE, yaani asilimia 2.5. Chemsha kwa maikrowevu kwa vipindi vifupi mpaka usione chembe zinazoelea, kwani chembe zisizoyeyuka hupindisha mistari. Subiri ipoe uweze kuishika chupa kwa mkono, weka rangi ya DNA isiyo ethidiamu, mimina, acha igande dakika 30. Ethidiamu bromidi hufanya kazi, lakini inaweza kubadilisha chembe za urithi za anayeishika, na rangi salama zaidi zinazoonekana kwa taa ya buluu zinapatikana.

Weka maikrolita 10 kwa kila shimo, na ngazi ya vipimo ya jozi 100 pande zote mbili. Volti 5 kwa kila sentimita kati ya nyaya mbili, saa moja hivi. Ukiongeza volti ili uwahi, jeli itapata joto na mistari itapinda kama tabasamu, usijue 195 iko wapi.

Kusoma

Anza na sampuli za ulinganisho, usitazame za soko kwanza. Maji matupu yaking'aa, kazi ya siku hiyo imekufa: tupa akiba za praima na maji, safisha, rudia. Unga wa rejea usipong'aa, PCR yenyewe imeshindwa. Ukungu chini ya jozi 100 ni praima zilizoshikana zenyewe, usiuhesabu.

Sampuli yenye ivr1 na 35S au NOS kwenye tyubu zote mbili ni ya kushukiwa, bado si ya kuhukumiwa. Ipime kama ina soya, kwa praima za lektini, jeni ya soya yenyewe. Kama kuna majani ya kabichi au sukuma wiki kwenye chanzo cha sampuli, kumbuka kwamba 35S ni ya virusi vinavyoshambulia mimea ya jamii hiyo, na jani gonjwa litasoma "ndiyo" bila mkono wa mhandisi yeyote. Baada ya hapo DNA ipelekwe kwenye maabara inayopima aina moja moja kwa kutazama mpaka wa jeni ngeni na DNA ya mahindi. Tyubu moja "ndiyo" na nyingine "hapana" maana yake uko ukingoni mwa uwezo wa kipimo: toa DNA upya, tyubu nne.

Sampuli yenye ivr1 bila 35S wala NOS iandikwe hivyo hivyo: "35S na NOS hazikuonekana kwa kipimo kinachoweza kuona asilimia 0.1," ikiwa unga wako wa rejea wa 0.1 uling'aa siku hiyo. Usiandike "si GMO". Soya ya MON 89788 haina 35S wala NOS, na mmea uliohaririwa kwa CRISPR, mbinu ya kukata na kubadilisha DNA mahali palipochaguliwa, unaweza usibakiwe na kipande kigeni hata kimoja. Kwenye ripoti ambatisha picha nzima ya jeli pamoja na mistari ya ulinganisho, uzito wa sampuli, idadi ya magunia yaliyochomwa bambo, na hifadhi gramu 200 za unga ule ule ndani ya friza, zimefungwa na kusainiwa, ili mwenye mahindi akipinga apimiwe upya kwingine kutoka mfuko huo huo.